Kikombe Kinachojimimina

Nianze na kikombe, maana mambo yote haya yalianzia kwenye kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni. Kaka yangu alikichukua jikoni kwa mama bila ruhusa, akawa anaingia nacho kwenye kumbi alikofundisha kuandika programu za kompyuta. Anakiweka mezani, anawakazia watu macho, anauliza: "Hiki nini?"

"Kikombe!" ukumbi mzima unajibu.

"Kinajua nini?"

Kikombe kitajua nini, jamani? Watu wanatazamana. Naye anatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, anasema: "Kinajua kilichomo ndani yake, na kinajua kujimimina. Msiiambie kompyuta chukua kikombe, inamisha, mimina, acha. Huo ni ushamba. Kiambieni kikombe chenyewe: jimimine! Yaliyobaki kinajua chenyewe. Na mkitaka birika? Birika ni mtoto wa kikombe. Limerithi kila kitu kwa mzazi wake, nyie mnaliongezea mdomo na kifuniko tu, mmemaliza."

Makofi hayo! Watu wanasimama. Na mimi nipo safu ya mbele, napiga makofi mpaka viganja vinawaka moto, kichwa kimenivimba kwa fahari. Yule pale ni kaka yangu.

Huo ndio tuliouita mtindo wa vitu. Siku hizo ulikuwa habari ya mjini. Hakukuwa na tangazo la kazi ya programu lisilotaja mtindo wa vitu. Aliyeandika kwa njia ya zamani, amri moja chini ya nyingine, alichekwa mpaka akaona haya kufungua kompyuta yake mbele za watu. Na aliyetuletea mtindo huo sisi, akauhubiri kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, alikuwa Kaka. Wakampa jina, Profesa. Chuo chenyewe alikiacha njiani, lakini nani aliuliza?

Mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja, baba tofauti. Yeye ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nasahau kuweka nukta mwisho wa mstari, programu inagoma, nashinda kutwa nzima nalia na kukagua. Akaniita Bi Nukta. Jina likanata kama ulimbo, na mpaka leo kazini wananiita hivyo, hata wasiojua limetoka wapi. Ila mimi sikumwita Profesa hata siku moja. Wala jina lake sijawahi kulitamka mbele yake. Tangu nianze kusema, yeye kwangu ni Kaka. Nikifurahi, Kaka. Nikikasirika, Kaka huyo huyo.

Mimi naandika programu hospitalini. Niseme niliandika. Programu yangu ilikuwa ya maabara: sampuli inaingia dirishani, inapewa namba, inajulikana ni ya nani, inapelekwa mashine ipi, majibu yanarudi kwa daktari yupi. Niliiunda kwa mtindo wa vitu, kama nilivyofundishwa. Babu yao wote nilimwita Sampuli. Chini yake wanawe: Damu, Mkojo, Makohozi. Kila mmoja anajua habari zake na anajua afanywe nini. Damu inajua kwamba lazima izungushwe kwa kasi kwenye mashine, maji yake yajitenge, ndani ya saa chache, na isipozungushwa inajitangaza yenyewe kwenye skrini, kwa herufi nyekundu: IMEHARIBIKA.

Na ilifanya kazi vizuri, nisije nikaukana mtindo kwa sababu ya mtu. Kabla ya hapo maabara ilikuwa vurugu tupu, majibu ya huyu yanakwenda kwa yule. Mkuu wa maabara, mwanamke mmoja mrefu, mkali, tunayemwita Bi Maabara, alinishika mkono akaniambia, "Bi Nukta, umenipunguzia uzee." Nikarudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Halafu zikaja kadi.

Watoto wachanga siku hizi hawatolewi damu kwa sindano na chupa. Wanachomwa kidogo kisiginoni, matone yanadondoshewa kwenye kadi ya karatasi nzito, kadi inatundikwa kwenye waya ikauke, ndipo inapimwa. Vizuri sana. Lakini kwenye programu yangu kadi hiyo ingekaa wapi? Nilimpigia Kaka.

"Kadi ya damu ni damu," akasema. "Iweke chini ya Damu. Hata kuuliza huulizi."

"Kaka, Damu inazungushwa. Karatasi nitaizungusha vipi?"

"Mwambie mtoto, kwenye hilo asimfuate mzazi wake."

Nikafanya. Kadi, usizungushwe. Baada ya wiki chache: Kadi, usihesabiwe saa. Halafu: Kadi, usiulizwe ujazo wa chupa. Halafu usipelekwe kwenye friji. Kila Damu ikijifunza jambo jipya, kadi nayo inarithi, nami nakwenda kuikataza. Nikamwambia Kaka, huku siko, nataka kuzitenga kadi na Damu. Akanikatiza: "Mdogo wangu, mzazi haguswi na familia haivunjwi. Ukianza kubomoa, umeshashindwa kuujua mtindo." Nikaziacha pale pale. Ungekuwa wewe ungefanyaje, na aliyekufundisha ndiye anakwambia hujui?

Basi ikaja mashine mpya ya damu, na mashine mpya ina sharti lake: damu isiyoifikia ikiwa bado majimaji ihesabiwe imeharibika. Nikamuuliza Kaka sharti lile niliweke wapi. "Kwa mzazi," akasema, tena kwa kucheka. "Watoto watarithi. Si ndio raha yake?" Nikaliweka kwa mzazi.

Asubuhi iliyofuata kadi zote za wachanga ziliwaka nyekundu. IMEHARIBIKA, IMEHARIBIKA, skrini nzima. Zilikuwa nzima kabisa, kavu, safi. Ila sharti jipya liliteremka kutoka kwa Damu, na mimi sikuwa nimeikataza kadi kulipokea. Mhudumu wa maabara akafanya alichofundishwa kufanya na sampuli iliyoharibika: akazitia zote kwenye pipa la kuchoma. Mama wa watu waliokwisha kwenda nyumbani na vichanga vyao wakapigiwa simu, warudi, watoto wachomwe tena. Nilikuwa kwenye ujia walipokuwa wanarudi. Vilio vile vya vichanga sitavisahau, na mama mmoja ambaye hata kutembea hakuwa ametengemaa, ameshikilia ukuta, ananiuliza mimi, "Dada, kwani mlikosea nini?"

Mkurugenzi wa hospitali akaniita ofisini kwake. "Nani aliamua sharti liwekwe pale?"

Kaka alikuwa na kampuni yake changa wakati huo, jina lake ndio mtaji wake. Nikasema, "Mimi."

Wala hakuwa ameniomba nimfiche. Nilimfichia mwenyewe, kwa hiari yangu, kama nilivyomfichia tangu utotoni alipovunja kitu cha watu.

Baada ya hapo nilitaka jambo moja tu duniani: waniachie programu yangu niiandike upya kwa mkono wangu mwenyewe, kabla haijaumiza mtoto mwingine. Nikaanza kuchora rasimu. Jumapili moja mchana Kaka alikuja kwangu kunywa chai, nikaifungulia pale pale juu ya meza ya jikoni, kati ya vikombe na vitunguu ambavyo sijamenya.

"Tazama, Kaka. Hakuna mzazi, hakuna mtoto. Sampuli ni habari tu: ni nini, ya nani, ilitoka lini. Imelala hapo, haijui kitu. Kazi nimeziweka kando. Kila kazi inachukua habari, inatoa jibu, basi. Hii inapokea, naiita pokea. Hii kagua. Na hii ya kutenga kadi kavu na mbichi, naiita chekecha, kama mama anavyochekecha unga."

Akatazama kwa muda mrefu. Chai ikapoa. "Na kwa nini uliuacha mtindo wa vitu?" akauliza. Nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyafikiria kwa miezi, na niliyasema kwa uchungu, maana nilikuwa naukosoa mtindo mbele ya aliyenipa. Nikasema, "Kaka, mtoto anayehitaji orodha ndefu hivi ya kumkana mzazi wake, huyo si mtoto wake."

Hakucheka. Alisema nimtumie rasimu aisome kwa utulivu. Nikamtumia pale pale. Kisha akaniambia hospitali imemwomba aje kama mshauri kutoka nje, aikague programu na aseme ifanywe nini. Mimi nikaruka kwa furaha mpaka nikamwaga sukari. Akanituliza: rasimu nisimwonyeshe Mkurugenzi kwanza, yeye ndiye ataisemea, neno la mtu wa nje lina uzito. Na tusiseme ni ndugu. "Watadhani tunabebana. Niachie mimi, mdogo wangu. Nakusimamia."

Nakusimamia. Neno hilo nililala nalo kama mto.

Siku ya mkutano nilivaa gauni langu la heshima. Chumba kilijaa: Mkurugenzi, wakuu wa idara, Bi Maabara na vijana ninaoandika nao programu. Kaka akaingia na suti, akazunguka akisalimia kila mtu kwa mkono. Alipofika kwangu akasema, "Habari za kazi, mama," kama hanijui. Nilibana kicheko. Si ndio tulivyokubaliana? Kidogo nimkonyeze.

Halafu akafungua mkoba wake akatoa kikombe. Kile kile, cha bati, kilichobanduka ukingo. Machozi yalinilengalenga, nawaambia kweli. Nikasema moyoni, ameleta kikombe cha nyumbani kuja kunitetea.

"Hiki nini?" akauliza.

"Kikombe," watu wakajibu, wakicheka kidogo.

"Mmewahi kuona kikombe kinachojimimina?"

Chumba kikaangua kicheko. Akakigeuza kikombe juu chini, akakitikisa, akakipigia kelele: "Jimimine!" Watu wakashika mbavu. Mkurugenzi mwenyewe akatoa leso kujifuta macho.

"Mnacheka," Kaka akasema, sasa sauti ameishusha, "lakini kuna watu walifundishwa hivyo wakaamini. Kulikuwa na mtindo wa vitu, ulivuma, kila mtu akaufuata. Leo dunia imeshaushtukia. Lakini programu inayopokea damu ya watoto wenu imeandikwa na watu walioachwa huko nyuma."

Nikadhani anajenga hoja, atageuka. Anaanza kwa kuuponda mtindo ili aje kwenye rasimu yangu. Nikasubiri. Akawasha projekta, na pale ukutani, kwa ukubwa wa kitanda, nikaona kadi yangu na makatazo yake yote: usizungushwe, usihesabiwe, usiulizwe, usipelekwe. Alikuwa anayasoma moja moja, taratibu, anaachia nafasi watu wacheke.

"Mtoto anayehitaji orodha ndefu hivi ya kumkana mzazi wake," akasema, "huyo si mtoto wake."

Loo! Kila mtu alitikisa kichwa kwa namna maneno yalivyomwingia. Kuna aliyeandika.

Mkurugenzi akauliza, "Sasa kwa nini waliendelea hivyo miaka yote?"

"Woga, Mkurugenzi. Mwenye programu aliushika mtindo kama dini. Hata ile asubuhi ya kadi kuchomwa, ameshakiri kwako kwamba uamuzi ulikuwa wake."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama. "Kaka!" nikasema.

Lilitoka kwa nguvu, likapasuka katikati. Na unajua nini? Hakuna aliyeshtuka. Walidhani ni lile la adabu, tunalomwita mwanaume yeyote tusiyemjua jina. Alikuwa mmoja tu mle ndani aliyejua nimemwita nani. Akanitazama usoni, akasema kwa upole kabisa, "Naam, dada? Una swali?"

Nilitaka kusema ndiye yeye aliyeniambia niweke kwa mzazi. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya Mkurugenzi kwamba ni mimi. Sasa nitasema nini, kwamba siku ile nilidanganya, leo ndio nasema kweli? Nitasema huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, nilificha? Kila mlango niliujaribu kichwani, na kila mlango niliufunga mwenyewe, siku za nyuma, kwa ajili yake.

Akaona sisemi, akaendelea. Akabonyeza, ukuta ukabadilika. "Huu ndio mtindo tunaopendekeza. Habari upande mmoja, kazi upande mwingine. Hakuna kurithi." Na kazi zenyewe zimeandikwa hapo moja chini ya nyingine. Pokea. Kagua. Chekecha.

"Hiyo chekecha umeitoa wapi?" Sauti yangu ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

"Aa, ni majina tu, dada. Kampuni yetu tunapenda Kiswahili." Watu wakacheka tena, kicheko cha urafiki, cha kunisamehe.

Bi Maabara peke yake hakucheka. Alinigeukia, akakunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka alisikia wapi neno hilo. Nilikuwa nimemtajia mara moja, siku nilipomwomba tukae tuzungumzie kukausha kadi. Lakini hakuwa na uhakika, na mkutano ulikuwa unakwisha.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Kampuni ya Kaka itaandika programu mpya. Mimi nitahamia kwa muda chumba cha mashine za kuchapia, nisimamie wino na karatasi, huku menejimenti ikitafakari. Mkurugenzi alinishukuru kwa utumishi wangu. Vijana wangu walinisaidia kubeba vitu vyangu kwenye boksi, wakakwepa macho yangu.

Nilimkuta Kaka kwa mama Jumapili iliyofuata. Ameshafika, ameshavua viatu, kikombe kimesharudishwa kwenye kabati la vyombo kama hakijafanya kitu. Mama alifurahi mno. "Kaka yako kaniambia mtafanya kazi pamoja, mwanangu! Nilikuwa naliomba hilo siku zote." Akaenda uani kuanua nguo, akatuacha.

"Umeniuza," nikamwambia.

"Nimekuuza? Ala! Nimekuokoa! Wangekufukuza. Nimewaambia wakuache kazini. Mambo yakitulia nakuchukua, unakuja chini yangu, unaandika mambo ya kisasa. Tatizo lako unalichukulia moyoni. Ni kazi tu hii."

"Rasimu ni yangu."

"Rasimu! Mtindo huo dunia nzima inao sasa. Wewe umeubuni?"

"Sikuubuni. Lakini chekecha ni yangu. Na yale maneno ya mtoto kumkana mzazi niliyasema kwenye meza yangu, nikikupa chai yangu."

Akashusha pumzi, akajifanya mtu mzima anayeongea na mtoto. "Elewa basi. Kila mtu siku hizi anaucheka mtindo wa vitu. Vijana wanaucheka, wateja wanaucheka. Mimi ndiye niliyeuhubiri. Ningesimama pale niutetee, ningeonekana mzee aliyekwisha. Ilibidi awepo mtu wa kuubeba."

"Sikukuomba uutetee mtindo," nikasema. "Mtindo haukunifanya lolote. Ulinisaidia ulipoweza, ukanishinda uliponishinda, basi. Nilikuomba unitetee mimi."

Mama alirudi na nguo mikononi, ananukia jua na sabuni, akauliza mbona tumenyamaza. Kaka akasema, "Tunaongea kazi tu, Mama." Nami, mjinga mimi, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ningemwambia nini mama mwenye furaha ile? Nilimsaidia kukunja mashuka.

Programu mpya ikaja. Nilisikia habari zake kupitia ukuta, maana chumba cha mashine za kuchapia kimepakana na maabara. Mwanzoni ilikuwa nderemo. Halafu nikaanza kusikia sauti ya Bi Maabara ikipanda.

Nilijua kabla ya kuambiwa. Ile chekecha sikuwa nimeimalizia. Rasimu niliyomtumia inaishia mahali ambapo programu lazima ijue kadi ipi imekauka na ipi bado, na mahali hapo nilikuwa nimepaacha wazi, nikisubiri kuzungumza na Bi Maabara. Kaka alichukua kila kitu, na nafasi tupu nayo akaichukua. Akaijaza kwa kubahatisha: akaweka saa. Kadi ikipita saa kadhaa, inahesabiwa kavu. Nje mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, chumba kina unyevu, kadi hazikauki. Programu inasema kavu, wahudumu wanazipanga bahashani zikiwa mbichi, zinagandana. Na kadi iliyogandana na mwenzake haipimiki. Mama wa watu watapigiwa simu tena.

Kaka alikuja mwenyewe. Asubuhi, mvua inapiga dirisha, mimi nabadilisha wino, mikono myeusi mpaka viwikoni. Akasimama mlangoni, akatazama nyuma kama kuna anayemwona, akaingia. Suti ilikuwa imelowa mabegani.

"Mdogo wangu," akasema, kwa ile sauti ya zamani, sauti ya kunifundisha. "Pale kwenye chekecha. Ulikuwa umeishia wapi? Ulitaka kufanyaje?"

Yaani hata hakujisikia alichosema. Ukutani mbele ya watu ilikuwa ya kampuni yake. Humu ndani, kati ya maboksi ya karatasi, imerudi kuwa yangu.

Niseme kweli, nilifurahi. Nilisikia utamu umenipanda mpaka kooni. Nilitaka nimwambie jimimine! Nilitaka nimwache aende mbele ya Mkurugenzi na kadi zake zilizogandana, naye aulizwe nani aliamua. Nikaendelea kufuta mikono, pole pole, namwacha asubiri.

Lakini ng'ambo ya ukuta nilimsikia Bi Maabara akimwambia mhudumu, "Leta orodha ya simu za wazazi." Nikamwona tena yule mama aliyeshika ukuta.

"Usihesabu saa," nikasema. "Saa hazijui kama kuna mvua. Anayeitoa kadi kwenye waya ndiye anayejua, ameshika kwa mkono wake. Yeye aibonyeze kuwa imekauka, ndipo chekecha iipitishe. Isiyobonyezwa isubiri. Zilizo kwenye waya sasa hivi mwambie Bi Maabara asizitoe mpaka kesho, na za bahashani azitenganishe haraka kabla hazijashikana zaidi. Nyingi zitapona."

Nilikaa, nikamwandikia mistari yenyewe, michache tu, kwenye karatasi ya kujaribia mashine. Niliweka nukta mwisho wa kila mstari. Akaisoma amesimama, uso ukafunguka, mabega yakashuka. Akawa yule yule wa ukumbini.

"Unaona? Ndio maana nakwambia tufanye kazi pamoja." Akaikunja karatasi akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Asante sana, mdogo wangu. Jumapili tukutane kwa mama, eh? Atafurahi akituona wote."

"Kuna kingine, Mshauri?"

Alicheka. Alidhani namtania. "Mshauri tena? Humu tuko wawili tu."

"Najua."

Kicheko kilibaki mdomoni kidogo, kisha kikaondoka. Alinitazama kama anayesubiri nilirudishe neno mahali pake, kama nilivyokuwa nafanya siku zote, nikikasirika kidogo halafu basi. Akasogea hatua moja. "Bi Nukta," akasema, polepole, jina alilonipa mwenyewe. "Mimi ni nani wako?"

Mashine iliyokuwa imemaliza kupata moto ikaanza kutema karatasi. Nikaziokota, nikazigonga mezani zilingane, nikaanza kuzihesabu.

"Wanakusubiri maabara, Mshauri," nikasema. "Mlango uurudishie, mvua inaingia."